Dau la chumba usichokijua jina: jibu kwa mama wa Langoni anayekwenda mahafali Boston

Swali: "Asalaam aleikum kaka. Mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Binti yangu anahitimu masomo yake Boston mwezi wa Mei, na Mungu amejaalia mimi na dadangu kupata nauli ya kwenda kumshuhudia. Mahojiano ya viza bado, tunangoja siku yetu. Kijana wa jirani anatuambia kuna njia ya kuingia mtandaoni, unataja bei unayoitaka wewe, hoteli au ndege ikikubali umeshinda, unalala nyota nne kwa bei ya nyota mbili. Tena ametutumia kiungo cha mnada: unanunua nafasi za kutoa dau kwa shilingi 50 kila moja, na wanaonyesha chumba cha hoteli ya ufukweni kilichokwenda kwa shilingi 612. Tuna dola 900 za malazi ya siku sita. Tuingie? Na tiketi za ndege nazo zinanadiwa?"

Waaleikum salaam dada yangu, na hongera sana. Mtoto aliyesomea vichochoro vya Langoni akavaa joho Boston, hiyo ni furaha ya mji mzima. Nataka ufike, ukae karibu naye, na urudi bila deni. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, kama ninavyowajibu wanaokaa kwenye kiti cha mbele ya meza yangu hapa Malindi, ambako nimekata watu tiketi kwa miaka 19.

Nianze na kile kiungo, maana ndicho kinachoweza kukutoa pesa usiku huu huu. Usilipe. Hata mwenye nacho akiwa mkweli kabisa na chumba kipo, hesabu yake haikufai. Chukua kalamu tuipige pamoja. Katika minada ya namna hii bei huanzia sufuri, na kila dau hupandisha bei kwa kiasi kidogo sana, tuseme shilingi moja. Kila dau linapoingia, saa ya mnada huongezewa sekunde kadhaa, basi mnada hauishi mpaka watu wachoke. Chumba kikienda kwa shilingi 612, maana yake madau 612 yametolewa. Kila dau limelipiwa shilingi 50. Mwenye mnada ameshaweka mfukoni shilingi 30,600 kabla mshindi hajalipa zile 612 zake. Na mshindi mwenyewe hakulipa 612. Kama alitoa madau 90, ametumia shilingi 4,500 juu yake. Waliobaki wote wamelipa na hawana chumba. Kwenye mnada wa kawaida, ukishindwa unarudi nyumbani na pesa yako. Hapa pesa ya dau hairudi, ushinde ushindwe. Hiyo ni tofauti kubwa, na ndiyo isiyoandikwa kwa herufi kubwa. Mwambie kijana wa jirani kwa upole, maana naamini aliwatakia mema.

Lakini lile jambo la kwanza alilowasimulia, la kutaja bei yako, lilikuwepo kweli, na mimi nililitumia miaka mingi kwa wateja wangu. Lilianza Marekani mwaka 1998 na kampuni ya Priceline, aliyoianzisha mtu anayeitwa Jay Walker. Ulikuwa unachagua mji, unachagua mtaa kwenye ramani yao, unachagua idadi ya nyota, unaweka tarehe na bei yako, halafu unaweka namba ya kadi ya benki. Bila kadi hakuna dau. Baada ya dakika chache unajibiwa. Ukikubaliwa, pesa imeshakatwa, na hapo ndipo jina la hoteli linapokutokea kwa mara ya kwanza. Hakuna kughairi, hakuna kubadili tarehe. Ukikataliwa, hukuruhusiwa kutoa dau lile lile tena mpaka saa 24 zipite, isipokuwa ubadilishe kitu: uongeze mtaa mwingine au ushushe nyota. Waliozoea waligundua mwanya. Waliongeza mtaa ambao wanajua fika hauna hoteli ya nyota wanazotaka, basi wakapata nafasi ya kupandisha bei kidogo kidogo siku ile ile bila hatari ya kutupwa kwenye mtaa ule.

Kwa nini hoteli ikubali? Wewe wa Lamu utalielewa haraka. Boti ya Mokowe inaweza kungoja abiria wajae ndipo iondoke. Chumba hakingoji. Usiku wa Jumanne ukipita kitanda kikiwa kitupu, pesa ya usiku ule imepotea na haitarudi Jumatano. Kwa hiyo mwenye hoteli anaona heri apate dola 110 kuliko kukosa zote. Anachoogopa ni kuonekana. Mgeni aliyelipa dola 220 akijua jirani yake wa mlango wa pili kalipa 110, kesho naye atadai 110. Ndiyo maana jina linafichwa mpaka pesa ilipwe: lile punguzo halitangazwi popote kwa jina la hoteli, na bei ya kawaida inabaki kusimama.

Mlango huo sasa umefungwa. Upande wa tiketi za ndege waliuondoa mwaka 2016, na upande wa vyumba ukafuata baada ya miaka michache. Kilichobaki ni mdogo wake: bei unaiona imeandikwa, nyota unaziona, mtaa unauona, ila jina limefichwa mpaka ulipe. Priceline wanauita Express Deals, na Hotwire wanao wa kwao tangu mwaka 2000. Hutoi dau tena, unakubali au unaacha. Masharti mengine ni yale yale, ukishalipa umelipa.

Sasa tuje kwako, maana hapa ndipo ninapotaka tutulie. Punguzo la chumba kilichofichwa jina lina bei yake, na bei hiyo huilipi kwa dola. Unaachia haki ya kusema "nimeghairi". Unaachia haki ya kuchagua jengo na barabara. Mara nyingi unaachia na haki ya kuchagua kitanda, kwa sababu wanachokuahidi ni chumba cha watu wawili. Kama kina kitanda kimoja kipana au viwili, utajua mkifika. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya bei ni hili: katika hizo haki tatu, ipi mnaweza kuishi bila yake?

Kitanda, nadhani mnaweza. Ni ndugu, mmelala mkeka mmoja tangu utotoni.

Haki ya kughairi hamwezi kabisa. Viza bado. Serikali ya Marekani yenyewe inawashauri waombaji wasinunue tiketi wala wasikamilishe mipango ya safari kabla ya kupata viza. Mahojiano yakisogezwa, au jibu likichelewa, chumba ulicholipia hakitarudishwa hata shilingi. Nimewaona watu hapa wakilia kwa jambo hilo, na hawakuwa wajinga. Walikuwa na furaha ya safari, wakaharakisha.

Na mtaa pia hamwezi. Mahafali yana saa yake, mnavaa vizuri, mnatembea na simu ya kupigia picha, mnataka mfike mapema mpate viti. Mtaa kwenye ramani za tovuti hizi unaweza kuwa mpana sana. Unasoma jina la mji unaofikiri ni karibu, kumbe hoteli iko upande wa pili, kando ya barabara kuu isiyo na njia ya miguu.

Hili la mwisho nilifunzwa na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2011 nilimtafutia mzee mmoja wa Malindi chumba karibu na uwanja wa ndege wa Newark, alikuwa anakwenda kumwona mwanawe. Nilitoa dau kwenye tovuti moja, nikakubaliwa, nikaokoa dola 70 kwa usiku tatu. Nilijisikia fundi. Nilikuwa nimelipa kwa kadi yangu mimi. Saa tisa usiku simu ikalia, huko kwao ilikuwa saa mbili ya usiku. Mzee yuko mapokezini na mkoba wake. Msichana wa mapokezi anamwomba kadi yenye jina lake, ya kuwekea amana, na mzee ana noti za dola zilizokunjwa ndani ya kitambaa, hana kadi. Aliniwekea simu mezani nikawa nasikia kila kitu: mlango wa kioo unafunguka na kufunga, magari ya barabara kuu yanavuma, na sauti ya mzee akirudia neno moja la Kiingereza, "paid, paid". Msichana hakuwa mkorofi, alikuwa anafuata utaratibu wa kazi yake. Ilibidi mwanawe aendeshe gari saa mbili kuja kuweka kadi yake. Kisha tukagundua hakuna basi linalofika pale, na teksi za siku tatu zilikula dola 85. Mzee hakunilaumu hata siku moja, na mpaka leo nikikumbuka ile sauti naona uzito.

Kwa sababu yake, hata mkichukua chumba cha kawaida, shikeni mambo haya mawili. Jina kwenye nafasi ya chumba liwe la yule atakayesimama mapokezini. Na mmoja wenu awe na kadi ya benki ya mkononi yenye jina lake, yenye pesa ya ziada, kwa sababu hoteli nyingi za Marekani huzuia kiasi fulani kama amana na kukirudisha siku kadhaa baada ya kuondoka. Ile kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022, ni nzuri ya kulipia mtandaoni, lakini ni namba tu ndani ya simu. Ukiombwa kadi mapokezini huna cha kumpa mtu mkononi. Kadi ya binti yako inafaa pia, mradi yeye mwenyewe aje nayo siku mnapoingia.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wanaosifu punguzo hawalisemi. Vyumba vilivyofichwa majina hupatikana mji ukiwa na vitanda vitupu. Boston mwezi wa Mei ina vyuo vingi vinavyofanya mahafali karibu kwa wakati mmoja, wazazi wanamiminika kutoka kila pembe ya dunia, na mwenye hoteli hana sababu ya kumfichia mtu jina ili amshawishi. Ni kama kutafuta chumba cha bei ya kutupa Lamu wiki ya Maulidi. Mnaona wenyewe wageni wakilala juu ya mapaa. Kwa hiyo hata kama mngekuwa tayari kuachia haki zote tatu, wiki hiyo mngepewa kidogo sana kwa kuziachia.

Na niseme ukweli kuhusu dola 900. Kwa siku sita ni dola 150 kwa usiku, na katikati ya Boston wiki ya mahafali hazitoshi. Msikate tamaa, njia zipo.

Leo, kabla ya kufungua tovuti yoyote, mwambie binti yako aende ofisi inayosimamia mahafali chuoni kwake aulize mambo mawili. Vyuo vingi hukubaliana na hoteli zitenge vyumba kwa ajili ya wazazi kwa bei waliyoelewana, lakini vina siku ya mwisho, na vikiisha vimeisha. Vyuo vingine hukodisha mabweni ya wanafunzi kwa siku chache wakati huo. Kitanda chembamba na bafu la kushirikiana, lakini mnaamka mko uwanjani kwenyewe. Kama mimi ningekuwa ni wewe, hilo ndilo ningelikimbilia kwanza.

Likishindikana, tafuteni hoteli za Quincy au Braintree, kusini mwa Boston. Zote ziko kwenye reli ya mjini, ile wanayoiita Red Line, inayopita katikati ya mji na kuvuka mpaka Cambridge. Chagueni chumba kinachoruhusu kughairi bila malipo mpaka siku moja au mbili kabla. Kitakuwa ghali kidogo kuliko kile kisichorudishiwa pesa, na hiyo tofauti ilipeni kwa moyo mweupe, kwa kuwa viza haiko mikononi mwenu. Mkishaipata, angalieni bei tena. Ikiwa imeshuka, chukueni hiyo mpya kwanza, halafu ndipo mghairi ile ya zamani. Msianze kwa kughairi.

Mkisoma bei, someni mpaka mstari wa mwisho. Tangu 12 Mei 2025, kanuni ya tume ya biashara ya serikali ya Marekani inataka bei ya malazi inayotangazwa iwe na ada zote za lazima ndani yake. Kodi za serikali bado zinaweza kuongezwa mwishoni, na katika miji mikubwa kodi ya hoteli hupita asilimia kumi. Dola 150 zinaweza kuwa 170 mkifika kwenye kulipa.

Sasa, je, hakuna mahali popote pa kutumia chumba kilichofichwa jina katika safari hii? Papo, na hapo nawaruhusu kwa furaha. Kama baada ya mahafali mnataka kutembea New York usiku mmoja au miwili, viza mnayo, tarehe mnazijua, na mtaa mmoja au mwingine hauwaharibii kitu mradi reli iko karibu. Kabla ya kulipa, fungueni ukurasa wa pili wenye hoteli zinazoonyesha majina, chagueni mtaa ule ule na nyota zile zile, mlinganishe vitu vilivyoorodheshwa: bwawa, maegesho, kifungua kinywa, alama walizotoa wageni. Mara nyingi hoteli zinazolingana hubaki mbili au tatu. Mkiona mnaweza kuridhika na yoyote kati ya hizo, lipeni. Mkiona moja mnaiogopa, acheni. Na kumbukeni kwamba katika mitaa ya ofisi, bei hushuka Ijumaa mpaka Jumapili wafanyabiashara wakirudi makwao, na katika sehemu za watalii ni kinyume chake.

Tiketi za ndege. Ule mnada wa kutaja bei haupo tena, na hata ulipokuwepo ulikuwa mgumu kwa mtu wetu: hukuchagua saa ya kuruka, hukujua shirika, hukujua utabadilisha ndege wapi. Mama anayesafiri kwa mara ya kwanza na pasipoti ya Kenya anahitaji kujua anapita uwanja gani, maana nchi nyingine hutaka viza hata ya kupita tu. Kutoka Nairobi mpaka New York ipo ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways tangu Oktoba 2018, kisha mnaendelea Boston kwa ndege fupi au basi. Zipo na njia za kupitia Ulaya, Ghuba na Addis Ababa. Linganisheni siku za katikati ya wiki, na hakikisheni safari yote iko kwenye tiketi moja, ili mkichelewa njiani shirika liwajibike kuwafikisha.

Marekani ina kanuni inayowafaa. Tiketi ya kwenda au kutoka Marekani ukiinunua moja kwa moja kwa shirika la ndege, siku saba au zaidi kabla ya kuruka, shirika linatakiwa kukupa saa 24 za kughairi bila kukatwa, au likushikie bei hiyo kwa muda huo bila kulipa. Njia nyepesi ni binti yako anunue akiwa huko, kwenye ukurasa wa shirika wa Marekani, asome masharti, kisha awatumie mkague majina herufi kwa herufi na pasipoti ndani ya saa hizo. Jina la "Mwana" lililoandikwa mbali na la pili limesumbua watu wengi hapa kwangu. Mashirika mengine huomba kuiona kadi iliyolipia, kwa hiyo aulize hilo mapema.

Mkishanunua, msishangae mkipata barua pepe ya shirika ikiwaalika mtoe dau la kuhamia daraja la biashara. Hiyo ni dau la kweli na la halali. Unaweka kiasi, ukikubaliwa unakatwa pesa siku chache kabla ya kuruka, ukikataliwa hulipi kitu na kiti chako cha kwanza kipo pale pale. Angalieni jambo moja tu: kiasi unachoandika kwa kawaida ni kwa mtu mmoja na kwa safari moja ya angani. Dola 300 kwa nyinyi wawili ni 600, na hiyo ni zaidi ya nusu ya malazi yenu yote. Ningewaomba muiache.

Lililobaki ni la hapa nyumbani. Kutoka uwanja wa ndege wa Manda, angalieni ndege inatua JKIA, uwanja mkubwa wa Nairobi zinakoondokea ndege za nje, au Wilson, uwanja mdogo wa pili wa Nairobi. Ikitua Wilson, mna safari ya barabarani ndani ya foleni ya Nairobi, na ndege nyingi ndogo za Wilson huruhusu kilo 15 tu za mizigo, na najua mtakuwa mmebeba halwa, kanga na achari za kumpelekea binti. Tiketi ya Manda ikiwa mbali na ile ya Marekani, ndege ya kwanza ikichelewa ile kubwa haitawangoja. Ondokeni Lamu siku moja kabla, mlale Nairobi. Chumba cha usiku ule msikitafute kwenye mnada wala tovuti. Pigeni simu hotelini kwenyewe, muulize bei ya mkaazi wa Kenya. Tovuti huwakata wenye hoteli kamisheni ambayo mara nyingi ni asilimia 15 au zaidi, na wengi wako radhi kumpunguzia mgeni anayewapigia wenyewe.

Siku ya mahojiano ikipangwa, nitumie tarehe pamoja na jina la chuo, nami nitakaa na ramani ya ile reli niwatafutie kituo cha karibu.